Nilimtuhumu jirani kwa sumu, kumbe mti wa mtapo uko uani kwetu

SHANGAZI, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 38, naishi Tanga mjini, mtaa naomba usiutaje. Nyumbani tuko watatu: mimi, mama mkwe wangu na binti yangu wa miaka 9. Mume wangu yuko Mwanza kikazi, huja mara mbili kwa mwaka.

Miaka mitatu iliyopita tuliingiliwa na wezi. Waliruka ukuta wakang'oa pampu ya kisima, wakabeba na mitungi miwili ya gesi, sisi tumelala. Mume wangu alipokuja akaleta mbwa. Mama mkwe hakupenda. Sisi ni Waislamu, na yeye ni mtu wa tasbihi mkononi mchana na usiku. Mwanawe akambembeleza, likajengwa banda nyuma kabisa, karibu na choo cha nje, ikawa mbwa anafungwa mchana na kufunguliwa saa nne usiku. Huyo ni Simba. Mwaka huu akaongezeka Popi, kaja mdogo, na mwanangu akampenda mno, hata kula anakula anamtazama yeye.

Simba alikuwa na mchezo mmoja. Geti likisahauliwa wazi, anatoka kwenda kulala kwenye baraza la jirani. Jirani yule ni mtu mzima, haji, ana mkeka wake pale anaosalia. Mara ya kwanza alikuja kutuambia kwa upole. Mara ya pili upole ulipungua. Mara ya tatu alisimama getini akaniambia: "Mama Fulani, nimeosha mkeka mara saba na udongo, nimeosha tena mara saba na udongo. Mbwa huyu ipo siku yake." Lile neno "ipo siku yake" nikaliweka moyoni.

Hazikupita wiki mbili, Simba akaanza kutapika. Alitapika usiku kucha, kesho yake hakugusa chakula. Tukampa maziwa. Mama mmoja akasema mpeni mafuta ya nazi, tukammiminia mdomoni. Siku ya tatu nikamfunua jicho, pale penye weupe pamekuwa manjano kama binzari. Siku ya nne alfajiri tukamkuta amelala, mdomo uko ndani ya ndoo ya maji, amekufa.

Shangazi, sikuuliza mtu. Asubuhi ile ile nilikwenda dukani, watu wamejaa wanangoja vitumbua, nikamkuta mzee yule pale. Nikamwambia mbele yao: "Haji mzima, unaswali halafu unaua kiumbe kwa sumu?" Nikasema na mengine ambayo siyaandiki. Hakunijibu. Alichukua mfuko wake wa sukari akaenda zake. Mkewe, ambaye kila Ramadhani alikuwa akituletea sahani ya kaimati, tangu siku ile hata salamu hakuna. Sasa ni miezi mitano.

Wiki iliyopita Popi akaanza vilevile. Saa tano usiku, anatapika, udenda unamtoka, mwanangu analia. Nikapiga simu za bajaji tatu, hazikupokelewa. Bajaji pekee iliyolala mtaani ni ya kijana wa jirani yule yule. Nikaenda kugonga. Aliyefungua ni mzee mwenyewe, kavaa msuli na fulana. Hakuniuliza kitu. Aligeuka ndani akasema: "We, amka, wapeleke." Kijana akatandika gunia kwenye kiti, tukaenda.

Daktari wa mifugo alimtapisha tena. Katika matapishi kulikuwa na maganda mekundu na kokwa moja iliyotafunwa upande. Akaishika kwa kibanio, akaniuliza: "Nyumbani mna mtapo?"

Mtapo upo. Uko uani, katikati ya banda la mbwa na jiko. Marehemu baba mkwe aliuleta kutoka upande wa Pangani ukiwa mdogo kama nazi, mwaka aliozaliwa mume wangu. Leo shina linanifika kifuani. Makuti yake ndiyo yanayokatwa kupamba geti kila penye harusi mtaani, na mimi mwenyewe siku ninaingia nyumba hii nilipita chini yake. Ukizaa hutoa kitu kama nanasi kubwa, kikipasuka mbegu nyekundu zinamwagika chini. Mwanangu huziokota akazitia kwenye kopo la maziwa, huchezea duka, ndizo nyama zake za kuuza.

Nilipomwambia mama mkwe kwamba mti ukatwe, alinyamaza mpaka baada ya Isha. Kisha akasema: "Mwaka wa njaa, mama yangu alitupikia uji wa mtapo. Tulikunywa, tukaishi. Leo mti uliotulisha mnauita sumu kwa ajili ya mbwa?" Tangu usiku ule anapika chake peke yake. Mume wangu kwenye simu anasema ung'oeni, yuko mtu wa hoteli atanunua, mama atazoea. Yeye yuko Mwanza. Anayeamka na mama ni mimi.

Popi mchana yuko kwa daktari kwenye dripu, jioni namrudisha. Nilitaka kukuuliza mawili. Niondoe mti au niondoe mbwa? Na yule mzee nimwendee kwa uso gani? Wapo wanaoniambia ninyamaze tu, yatapoa yenyewe. Lakini kila nikikumbuka kwamba Simba aliuawa na mti wetu wenyewe, na mimi nikamvunjia heshima mtu mzima mbele ya kadamnasi, chakula hakipiti.

Mwenye Fedheha, Tanga

* * *

MARAHABA, mwanangu.

Kabla sijasema lolote, inuka uende ukalitafute lile kopo. Barua yako ndefu, umeeleza mbwa, mti, mzee na mama, lakini la mwanao kuchezea zile mbegu umelipitia mbio kama jambo la kawaida. Sumu inayomlaza mbwa kwenye dripu haimwachi mtoto wa miaka tisa. Ganda lile jekundu linavutia macho, na mtoto anayeuza "nyama" ipo siku ataionja, au atamwonjesha mwenzake mdogo. Chukua kopo, mnawishe mikono, umweleze kwa nini bila kumtisha, umpatie komwe za bao auzie duka lake. Ukishamaliza ndipo uje tukae.

Umekaa? Haya.

Unavyoniambia ni hivi: mbwa mmoja amekufa, wa pili anaumwa, mti ni wa marehemu, mama amenuna, mume anatoa amri kwa simu, na jirani uliyemtukana ndiye aliyekufungulia mlango usiku. Ukaniuliza maswali mawili. Mimi naona lipo la tatu ambalo hukuniuliza, na naomba tuanze nalo.

Simba alikufa na nini?

Mara ya kwanza ulikuwa na hakika ni jirani. Sasa una hakika ni mtapo. Mwanangu, hakika zote mbili zilikujia upesi, na mara zote mbili hakuna aliyempima Simba. Nimekaa na daktari mmoja wa mifugo nikamsomea barua yako, majina hayamo, nikamuuliza. Akaniambia ile manjano ya jicho siku ya tatu ni ini linalia. Mtapo hufanya hivyo hasa: kwanza kutapika na udenda ndani ya saa chache, halafu mnyama anaonekana kama anapata nafuu au amechoka tu, kisha siku ya pili au ya tatu ini linashindwa, macho na fizi zinageuka. Lakini homa ya kupe nayo humgeuza mbwa manjano. Kuna na ugonjwa utokanao na mkojo wa panya, nao hupiga ini. Kwa hiyo mtapo una nafasi kubwa, kwa kuwa wa pili amekutwa na kokwa tumboni, ila kuapa huwezi.

Na ile sumu uliyodhani jirani kaitumia? Zile dawa za wadudu za shambani ambazo watu wabaya hutia kwenye nyama hufanya kazi kwa saa, si kwa siku. Mbwa hutetemeka, povu humtoka, misuli inamrukaruka, na mara nyingi hafiki alfajiri. Sumu ya panya zile za kawaida hutoa damu, puani au chooni. Simba wako hakwenda hivyo. Ungelimuuliza mtu siku ile, pengine ungeambiwa. Silisemi hili nikuongezee uchungu. Nalisema kwa sababu naona sasa unajihukumu kwa haraka ile ile uliyomhukumia mzee.

Tuje kwenye mti.

Nimecheka kidogo, Mungu anisamehe, niliposoma jibu la mama mkwe wako. Amekushinda kwa hoja, na hoja yake ni ya kweli. Pwani hii watu walikula mtapo miaka ya njaa. Lakini hawakuuchuma wakautia mdomoni. Walikata, wakaanika, wakaroweka siku nyingi, wakabadilisha maji, wakaanika tena, wakatwanga. Sumu ya mtapo inayeyuka majini, na ule mroweko ndio uliokuwa ukiitoa. Mama yake alijua vizuri sana kwamba mti ule ni sumu. Ndiyo maana wanawe wako hai. Kwa hiyo wewe na Mama hamgombani juu ya ukweli. Mnasema kitu kimoja, ila yeye ameanzia kwenye sufuria na wewe umeanzia kwenye matapishi.

Halafu jiulize kama anachotetea ni mti peke yake. Mbwa waliletwa hakupenda. Mumewe amekufa, mwanawe yuko mbali, na kitu kilichopandwa mwaka wa uzazi wake kinatakiwa kung'olewa kwa ajili ya mnyama ambaye akimgusa nguo inabidi aoshe. Ukimwambia "kata", sijui yeye anasikia nini. Labda anasikia kwamba cha mumewe ndicho kinachohesabiwa uchafu. Sina hakika, mimi simjui. Wewe unamjua.

Sasa njia zilizopo. Kuukata ni moja, na nguvu yake ni kwamba ukiondoka umeondoka. Ila mtapo una tabia ya kuchipua machipukizi pembeni mwa shina, kwa hiyo kukata juu bila kung'oa chini si kuumaliza, na vipande utakavyotupa bado ni sumu hata vikikauka. Kuukata bila radhi ya Mama, hilo daktari wa mifugo hana dripu yake.

Kuuza kwa mtu wa hoteli, hapo mwambie mumeo atulie. Mitapo ya jamii hiyo yenye koni kama nanasi, ambayo wataalamu huiita Encephalartos, yote imo katika orodha ya kwanza ya mkataba wa CITES, ile ya viumbe ambavyo biashara yake ya kuvuka mipaka imefungwa. Inakua polepole mno na watu wa bustani duniani wanaiiba porini. Mti mmoja wa uani kuhamia hoteli ya hapa hapa ni jambo jingine, lakini aulize kwanza kwa watu wa misitu, asije akaanza na lori. Na hotelini nako hakukosi mbwa na watoto.

Njia ya kati, na naona hukuifikiria kwa sababu ya hofu, ni kuuacha mti na kuuondolea meno. Mitapo ina dume na jike mbalimbali. Dume hutoa poda tu, jike ndiyo huzaa mbegu, na wa kwenu ni jike. Mbegu ndiyo kali kuliko sehemu zote. Mbili tatu zinatosha kumlaza mbwa wa kimo cha Popi asiamke. Lile nanasi likianza kunenepa, kabla halijapasuka, likatwe zima, liingie kwenye gunia, lifukiwe chini sana mahali ambapo mbwa hafukui. Halafu uzio wa fito au wavu wa kuku kuzunguka shina, uwe mpana, kwa maana mbegu zikianguka zinabingirika, na wavu uingie ardhini kiasi cha kiganja. Makuti nayo yasisahauliwe. Harusi ikiisha, yale ya getini hutupwa nje yakakaa wiki nzima, na mbwa mdogo anayeota meno hutafuna chochote.

Hatari ya njia hii ni moja tu na ni kubwa: inataka mtu asiyesahau. Mwaka huu utakata koni, mwakani pia, mwaka wa tatu una msiba au umesafiri, nanasi linapasuka usiku. Wewe ndiye unayejijua. Mimi nilikuwa na kuku wa kutunza nikasahau kuwafungia siku mbili tu, kicheche hakusahau.

Njia nyingine ni kuhamisha banda lenyewe badala ya mti, upande wa mbele, kukiwa na uzio katikati ya ua. Itagharimu. Lakini itamfanya Mama apate uwanja wake wa nyuma safi wa kupita bila kukunja nguo, na huenda hilo likawa na uzito kwake kuliko unavyofikiri.

Na kuondoa mbwa? Ni haki yenu. Mwenye elimu ya dini atakueleza habari ya mbwa wa ulinzi vizuri kuliko mimi, na wala si vibaya Mama mwenyewe akamuuliza shehe anayemwamini. Ila mkimtoa Popi sasa, yuko kwenye dripu, mwanao atakumbuka kwamba rafiki yake alipougua alifukuzwa.

Kuna kitu kingine nitakiuliza taratibu. Mbwa wenu wanakula saa ngapi? Nimesoma wanafungwa kutwa, wanafunguliwa saa nne usiku. Kama chakula ni ugali na dagaa mara moja jioni, basi kitoto kama Popi kinafunguliwa gizani kina njaa, kimechoka mnyororo, meno yanawasha, na chini pametawanyika vitu vyekundu vyenye nyama nyororo juu. Tungekuwa sisi tungeonja. Mpe chakula mara mbili tatu kwa siku, mpe mfupa mkubwa au kipande cha kamba nene atafune, na kabla ya kumfungua pita na tochi.

Ukipita na tochi, usitazame mtapo tu. Nimeuona ua wa Tanga mimi. Mbarika upo pembeni ya shimo la taka? Mbegu zake zile za madoadoa zikitafunwa ni balaa. Kwenye ukuta hakuna macho ya tipitipi yametambaa, zile nyekundu zenye kidoa cheusi watu wanazotungia shanga? Ganda lake gumu, zikimezwa nzima huenda zikapita, zikitafunwa ni habari nyingine. Ule mti wa uzio wenye maua ya njano kama kengele na tunda la kijani hupiga moyo. Mnyaa utomvu wake huunguza macho. Mbwa akiupata, maji safi mengi, tena mengi. Ndulele usiiache ikazaa. Na mnanaha, ule wenye tunda la miiba na maua kama tarumbeta, tafadhali usiuchanganye na mnanaa wa chai, herufi moja tu inawatenga na mmoja wao humtia mbwa wazimu, na mtu vilevile. Mnazi na asumini ziache zilivyo.

Na siku nyingine mbwa akila kitu, usimpe maziwa, hayazuii sumu. Mafuta ya nazi kummiminia ndiyo kabisa usirudie, maana mnyama anayetapika huyavuta mapafuni. Chumvi pia hapana, wala panadoli, inamaliza lile ini lililobaki. Mfungie kilichobaki cha mmea kwenye mfuko, hata kama ni matapishi, uende nacho. Daktari wako alijua kwa sababu aliiona kokwa. Popi amefikishwa mapema kuliko Simba, hiyo ni heri kubwa, lakini wiki hii yote mfunue fizi kila asubuhi penye mwanga, ukiona zinaelekea manjano usingoje jioni. Wengine hufa hata wakitibiwa. Mwandae mwanao kwa ukweli huo kidogo kidogo, asije akaambiwa na watoto wa mtaani.

Tumebakiwa na mzee.

Unauliza uende kwa uso gani. Mwanangu, huo huo ulioupeleka saa tano usiku ukagonga. Uliufikisha mlangoni kwake ukiwa huna jingine, na ulifunguliwa. Usiutafsiri sana ule mlango. Si lazima uwe msamaha, wala si ushahidi wa kitu. Labda alisikia mtoto analia. Labda hata yeye miezi mitano alikuwa akijiuliza lile neno lake la "ipo siku yake" lilimponyokaje. Hutajua mpaka umuulize.

Wanaokwambia unyamaze wana hoja yao: kuna mambo ukiyafukua yananuka upya. Lakini hili halikusemwa faraghani. Lilisemwa dukani, na watu waliokuwa wakingoja vitumbua waliondoka nalo. Mpaka leo wapo wanaojua mzee yule kuwa ni mtu wa kutia sumu. Ukimwomba radhi chumbani kwake, wewe utalala vizuri, na dukani atabaki vile vile. Ukisema dukani pia, huenda ukamwaibisha mara ya pili, kwa kuwa wako watu wasiopenda jina lao litajwe hata kwa wema. Mimi ningeuliza kwanza mwenyewe anataka ipi. Pengine ungeanzia kwa mkewe, mwanamke kwa mwanamke, au ungekwenda na mtu mzima wa upande wenu.

Wa upande wenu ni nani zaidi ya Mama? Nalitaja tu. Wao wawili ni rika moja, wamezikana na kuozeshana pale mtaani. Huenda akakataa, kwa kuwa hujamaliza ya kwenu. Huenda akakubali upesi kuliko unavyodhani, maana aibu ile ilimpata na yeye.

Jambo moja usiende bila kulifanya: geti. Mzee alikuja mara tatu kwa haki yake na mkeka wake uliolowa, na hilo sijaona ukiliombea radhi popote katika barua. Ukaenda kusema "nisamehe kwa sumu" huku geti linajifungua lenyewe, atakusikiliza kwa adabu tu. Weka springi, au fundi akutilie komeo la kujifunga. Na usiende umeshika matumaini ya kaimati. Anaweza kupokea radhi na bado akakuambia mbwa hawataki. Itabidi umsikilize.

Mumeo naye ampigie mama yake mwenyewe. Asikutume wewe maneno ya kumwambia mamake kuhusu mti wa babake.

Na kwa Mama, ukitaka pa kuanzia, sidhani kama ni kwenye mti. Leo jioni mketi jikoni, hata kama kila mtu ana sufuria yake. Mwite na binti yako. Mwombe akueleze mwaka ule wa njaa, uji wa mtapo ulipikwaje hatua kwa hatua, nani alikata, ulirowekwa kwenye nini, siku ngapi. Sisi bibi yetu alikuwa akituhadithia, na alikuwa mkali sana kwenye kipande kimoja. Mwache Mama afike hapo mwenyewe, umuulize tu kwa sauti ya chini: yale maji ya kurowekea, mlikuwa mkiyamwaga wapi ili kuku wasiyanywe?